Jinsi ya Kusoma Talmudi Juu ya Nyama na Maziwa, Hatua kwa Hatua

Biriani ya mbuzi iliyolazwa kwenye mtindi kisha ikapikwa haiingii katika nyumba ya Myahudi anayeshika sheria za chakula. Wengi wetu tunalijua hilo kwa kusikia: Wayahudi hawachanganyi nyama na maziwa. Lakini ukifungua Biblia kuitafuta amri yenyewe, unakuta sentensi fupi tu juu ya mwana-mbuzi na maziwa ya mama yake. Haitaji jibini, haitaji kuku, haisemi neno juu ya kusubiri saa kadhaa baada ya mlo. Yote hayo yamejadiliwa katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya sheria za Kiyahudi, hasa katika sura ya nane ya kitabu chake kiitwacho Hullin.

Mwongozo huu ni kwa msomaji wa Kiswahili anayetaka kuisoma sura hiyo mwenyewe: mwanafunzi wa dini, mchungaji, ustadhi, au mtu yeyote anayependa kujua watu wengine wanafikirije. Jambo ninalokusihi tangu mwanzo ni moja. Usiisome kama orodha ya halali na haramu. Soma kila kauli ukiuliza nani kaisema na kaitoa wapi, kwa sababu Talmudi inatunza hata rai iliyoshindwa, pamoja na hoja zake zote. Anayekimbilia hukumu atapata mistari michache, na mali yenyewe ataiacha nyuma.

Vitu vya kuwa navyo

Biblia ya Kiswahili iwe karibu. Maandishi ya Talmudi utayapata bure kwenye tovuti ya Sefaria. Tangu 2017 imeweka wazi tafsiri ya Kiingereza yenye maelezo ya Rabi Adin Steinsaltz, na kando yake yapo matini ya asili ya Kiebrania na Kiaramu. Kwenye tafsiri hiyo, maneno yaliyokolezwa wino ndiyo ya Talmudi, na yasiyokolezwa ni maelezo ya mfasiri. Tofauti hii izingatie sana, maana wengi hunukuu maelezo ya mfasiri wakidhani wanainukuu Talmudi.

Chukua daftari uchore safu tatu. Ya kwanza iandike Torati, ya pili Marabi, ya tatu Desturi. Kila sheria utakayokutana nayo itaingia katika mojawapo ya safu hizo, na nyingine zitahama safu kadiri unavyosoma. Usitumie kalamu ya wino.

Na tafuta mwenzako. Talmudi husomwa wawili wawili, kwa sauti, mmoja akisoma na kueleza, mwingine akipinga. Mwenzako si lazima ajue Kiebrania wala awe wa dini yako. Awe tu mtu asiyekubali jambo upesi.

Hatua ya kwanza: anza na aya tatu, na usome majirani zake

Amri ya kutomtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake imeandikwa mara tatu: Kutoka 23:19, Kutoka 34:26 na Kumbukumbu la Torati 14:21. Zisome zote tatu kabla hujagusa Talmudi, na usome pia sentensi zilizo karibu nazo. Katika Kutoka, mara zote mbili, amri inafuata agizo la kupeleka malimbuko ya shamba nyumbani kwa Bwana. Katika Kumbukumbu la Torati inakuja mwishoni mwa orodha ya wanyama safi na najisi. Humo aya ileile inaanza kwa kukataza kibudu, yaani mnyama aliyejifia. Ukaribu huo wa kibudu na mwana-mbuzi uweke akilini, kwa kuwa hoja nzima ya rabi mmoja itasimama juu yake.

Sasa andika maswali yako mwenyewe. Kwa nini imeandikwa mara tatu? Inakataza kupika, je, kula? Kwa nini mbuzi, ng'ombe na kondoo je? Kama maziwa si ya mama yake? Na kuku, asiyenyonyesha? Ukimaliza utaona umeandika karibu ratiba yote ya sura ya nane, kwa sababu marabi waliisoma aya hiyo kwa macho hayohayo. Kwa swali la mbuzi, kwa mfano, kurasa za 113a na 113b zinakwenda hadi Mwanzo 38, pale Yuda anapotuma mwana-mbuzi, na kuona kwamba hapo maandiko yametaja wazi kuwa ni wa mbuzi. Wanatoa hoja kwamba mahali ambapo hayakufafanua hivyo, neno lile linamchukua pia mtoto wa ng'ombe na wa kondoo.

Hatua ya pili: ujue ukurasa umejengwaje

Aliyewahi kukaa darsani pwani, akasoma matini, kisha sherehe ya matini, kisha hashia pembeni, ataielewa karatasi ya Talmudi mara moja. Matini yake ni Mishna, iliyokusanywa Galilaya na Rabi Yehuda Hanasi mwanzoni mwa karne ya 3. Juu yake kuna Gemara, majadiliano ya vizazi vya wanazuoni waliofuata, hasa wa Babeli, nchi ya Iraki ya leo, katika vyuo kama Sura na Pumbedita. Pembeni upande mmoja yuko Rashi, mfafanuzi wa Troyes, Ufaransa (1040–1105), na upande wa pili wako Tosafot, wanazuoni waliokuja baada yake, wengine wajukuu zake hasa, wanaomhoji yeye na kuhoji kila kitu. Mpangilio huu ulienea tangu Daniel Bomberg alipopiga chapa Talmudi nzima mjini Venice, 1520 hadi 1523, na mpaka leo namba za karatasi ni zilezile popote duniani.

Kila karatasi ina pande mbili, a na b. Ukiona 103b, ni karatasi ya 103, upande wa pili. Hapo ndipo sura ya nane inapoanza, nayo inaishia 117b.

Kuna vibao vya njiani ambavyo vinafaa kujulikana mapema. "Njoo usikie" huleta ushahidi. "Maneno haya yametoka wapi?" hutafuta aya ya Torati. "Waliuliza" hufungua swali ambalo pengine halitajibiwa. Ukizijua hizo tatu, utajua uko wapi katika mabishano hata pale usipoelewa kila neno.

Hatua ya tatu: Mishna ya kwanza isomwe polepole kuliko zote

Sentensi zake ni chache. Nyama yoyote ni marufuku kuipika katika maziwa, isipokuwa nyama ya samaki na nzige. Ni marufuku pia kuiweka mezani pamoja na jibini, isipokuwa hiyohiyo ya samaki na nzige. Aliyeweka nadhiri ya kutokula nyama, samaki na nzige ni ruhusa kwake. Kuku anaweza kuwekwa mezani pamoja na jibini ila wasiliwe pamoja: hayo ni maneno ya Nyumba ya Shammai, yaani shule ya wanafunzi wake. Nyumba ya Hillel wanasema asiwekwe na asiliwe. Rabi Yose anaongeza kwamba hili ni mojawapo ya mambo ambayo Shammai walilegeza na Hillel wakakaza, maana kwa kawaida huwa kinyume chake. Kisha swali: ni meza gani iliyosemwa? Ni meza ya kulia. Meza ya kupangia vyakula, weka hiki kando ya kile wala usiwe na wasiwasi.

Tua hapo. Katika mistari hiyo kuna matendo matatu tofauti, yaani kupika, kula, na kuweka mezani, na kila moja lina ukali wake. Kuna pia ujuzi wa nyumba halisi: mtu wa jikoni huweka nyama na jibini ubao mmoja bila nia ya kuvila pamoja, lakini mtu wa mezani mkono wake huenda wenyewe. Sheria ya meza haina mzizi katika aya yoyote. Imetokana na kumjua mwanadamu.

Mishna ya pili inaendelea na hali hiyohiyo. Mtu anaweza kufunga nyama na jibini katika kitambaa kimoja, mradi visigusane. Rabban Shimon ben Gamliel anasema wageni wawili katika nyumba ya wageni wanaweza kula meza moja, huyu nyama na huyu jibini. Gemara (107b) inaleta neno la Shmuel: hilo ni kama hawafahamiani. Wakifahamiana ni marufuku. Mwulize mwenzako kwa nini kabla ya kusoma Rashi. Marafiki huonjeshana, ambapo mgeni hachomoi tonge kwenye sahani ya mgeni mwenzake.

Hatua ya nne: kila sheria iulize imetoka ngazi ipi

Hapa ndipo daftari lako linapoanza kazi. Ukurasa wa 104a unaanza kwa kuibana Mishna. Imesema nyama yoyote isipokuwa samaki na nzige, basi kuku yumo, kana kwamba kuku ni katazo la Torati. Lakini Rabi Akiva anasema kuku na wanyama pori si katazo la Torati! Na sehemu ya nadhiri, inayomhesabu kuku kuwa nyama, inafuata njia ya Rabi Akiva. Je, Mishna moja ina wenyewe wawili?

Rav Yosef anajibu kwamba ndiyo: mhariri, Rabi Yehuda Hanasi, aliichukua rai ya mmoja katika nadhiri na rai ya wengine katika nyama na maziwa. Rav Ashi anajibu kwa namna nyingine, na jibu lake ndilo ufunguo wa sura nzima. Mishna yote ni ya Rabi Akiva, nayo inamaanisha hivi: nyama yoyote ni marufuku kuipika katika maziwa, nyingine kwa neno la Torati, nyingine kwa neno la waandishi, yaani marabi. Maneno hayahaya ya Mishna yamebeba ngazi mbili kwa wakati mmoja.

Rudi daftarini. Ng'ombe, mbuzi, kondoo: Torati. Kuku: Marabi, kwa Rabi Akiva. Kuweka mezani: Marabi. Na biriani yetu? Kuilaza nyama kwenye maziwa bila moto, hata kutwa nzima, Talmudi (Pesachim 44b) inasema Torati haikukataza. Katazo la Torati linafungwa na kupika. Kuloweka kulikatazwa na marabi. Kwa hiyo kosa zito la biriani ile linatokea chungu kinapopanda moto.

Kwa nini tuhangaike na ngazi ikiwa mwisho wake vyote haviliwi? Kwa sababu ngazi huamua shaka itatatuliwaje. Katika sheria ya Kiyahudi, shaka juu ya jambo la Torati huelekezwa kwenye ukali, na shaka juu ya jambo la marabi huelekezwa kwenye unafuu. Ndiyo maana katika 104a Rav Yosef na Abaye wanabishana sana kama marabi waliweza kujenga uzio juu ya uzio: ikiwa kumla kuku na jibini kumekatazwa kwa tahadhari tu, je, wangekataza pia kumweka mezani, tahadhari ya tahadhari? Fuata mabishano yao hadi mwisho ingawa ni marefu. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuona namna marabi wanavyoogopa kujiongezea mamlaka ovyo.

Hatua ya tano: weka hoja mbili za aya ubavu kwa ubavu

Ruka hadi Mishna ya nne (113a) na majadiliano ya 115b na 116a. Swali ni lile uliloandika mwanzo: kwa nini mara tatu?

Shule ya Rabi Ishmael inasema: mara moja kukataza kula, mara moja kukataza kunufaika, mara moja kukataza kupika. Kunufaika maana yake hata kuuza au kumpa mwingine. Rabi Akiva anazichukua mara hizo tatu na kuzifanyia kazi nyingine kabisa: kumtoa mnyama pori, kumtoa ndege, na kumtoa mnyama najisi. Aya zilezile, hesabu ileile, matunda mawili tofauti.

Rabi Yose wa Galilaya anakwenda kwenye ukaribu niliokuambia uukumbuke. Aya moja imekataza kibudu na kumtokosa mwana-mbuzi. Basi kila kinachoweza kuwa kibudu kinaingia katika katazo la maziwa. Kuku naye akijifia ni kibudu, kwa hiyo ungedhani yumo. Lakini aya imesema "maziwa ya mama yake", na kuku hana maziwa ya mama. Ametoka.

Gemara inauliza wanachotofautiana hawa wawili kwa vitendo. Jibu mojawapo ni mnyama pori: swala kwa Rabi Yose ni katazo la Torati, kwa Rabi Akiva siyo. Jibu lingine ni kuku: kwa Rabi Akiva amekatazwa na marabi, kwa Rabi Yose hakukatazwa hata na marabi. Andika yote mawili. Na hilo la pili ulipigie mstari, kwa sababu mistari inayofuata inasema wazi kwamba katika mji wa Rabi Yose wa Galilaya watu walikuwa wakila nyama ya kuku katika maziwa. Katika Talmudi hiyohiyo ambayo kwayo Wayahudi wanaoshika sheria hizi leo hawamli kuku na jibini, imeandikwa bila kuficha kwamba kulikuwa na mji wa Wayahudi wema waliomla.

Hatua ya sita: visa usivipite haraka

Wasomaji wengi huona visa kama mapumziko kati ya hoja. Mimi naamini ndimo hoja hupimwa. Katika sura hii vipo vitatu ambavyo lazima uvisome kwa pamoja.

Cha kwanza kinafuata papo hapo katika 116a. Levi alifika nyumbani kwa Yosef mtega ndege. Akaandaliwa kichwa cha tausi katika maziwa. Hakusema neno. Aliporudi kwa mwalimu wake, Rabi Yehuda Hanasi, akaulizwa: mbona hukuwatenga watu hao? Akajibu: ule ni mji wa Rabi Yehuda ben Beteira, nikasema pengine amewafundisha kama rai ya Rabi Yose wa Galilaya. Angalia alichofanya Levi. Mbele yake kuna chakula ambacho kwake ni marufuku. Kabla ya kuhukumu anajiuliza nani mwalimu wa mji huu, na kama kuna rai ya kuheshimika inayoweza kuwabeba. Kunyamaza kwake mezani kulikuwa kazi ya elimu.

Cha pili kiko 110a, nacho kinaelekea upande mwingine. Rav, mwanazuoni wa Babeli ajulikanaye kwa cheo hicho tu, alifika mahali paitwapo Tatlefush, akamsikia mwanamke akimwuliza mwenzake: robo ya nyama inahitaji maziwa kiasi gani kuipika? Rav akashtuka: watu hawa hawajui kwamba nyama na maziwa ni marufuku? Akakaa nao, akawakataza hata viwele. Kiwele ni nyama yenye maziwa ndani yake, na Mishna inasema mtu akikipasua na kukitoa maziwa hakuna tatizo. Rav aliwanyima unafuu huo. Gemara inasema alikuta bonde wazi akalizungushia uzio.

Sasa jiulizeni wewe na mwenzako: kwa nini Levi alinyamaza na Rav akakaza? Ukijibu kwamba mmoja mpole na mwingine mkali, hujasoma. Tatlefush hapakuwa na rai nyingine, palikuwa hapana elimu. Kwa Levi palikuwa na mwalimu.

Cha tatu kimefungana na hicho cha pili. Kiko karatasi hiyohiyo, nami nakipenda kuliko vyote. Sura watu hawakuwa wakila viwele, Pumbedita walikuwa wakila. Rami bar Tamri wa Pumbedita akafika Sura siku ya kuamkia Siku ya Upatanisho. Watu wote wa Sura walikuwa wakitupa viwele vyao. Rami akaviokota, akavichoma, akala. Wakampeleka mbele ya Rav Hisda. Kwa nini umefanya hivi? Natoka mji wa Rav Yehuda, naye anakula. Hukubali kwamba msafiri hubeba ukali wa alikotoka na ukali wa alikofika? Nimevila nje ya mpaka wa mji. Umevichoma kwa kuni gani? Kwa kokwa za zabibu zilizotupwa. Huenda zilikuwa za divai ya ibada ya sanamu? Zilikwisha kupita miezi kumi na miwili. Huenda zilikuwa mali ya mtu? Majani yalikwisha kuota juu yake, mwenyewe alishakata tamaa nazo. Maswali yanaendelea na kuacha chakula kabisa, yakafika mpaka kwenye mavazi aliyovaa, na kwa kila swali Rami ana jibu la kisheria.

Soma mahojiano hayo kwa sauti, mmoja awe Rav Hisda na mwingine awe Rami. Utamjua mtu maskini, mgeni, anayeokota vilivyotupwa, na ambaye elimu ndiyo hati yake ya kusafiria. Halafu hesabu ni sheria ngapi zimepita katika jibu kwa jibu. Nyingi utazikuta kwingine katika Talmudi zikiwa zimejadiliwa kwa kurasa nyingi.

Kabla ya kuondoka hapo, ukurasa mmoja nyuma, 109b, yuko Yalta, mke wa Rav Nahman. Anamwambia mumewe kwamba kila kitu Mwenyezi Mungu alichokataza, ametoa mfano wake ulio halali: amekataza damu, ameruhusu ini. Nami nataka kula nyama na maziwa! Rav Nahman akawaambia wapishi: mchomeeni viwele kwenye mishikaki. Yalta ni miongoni mwa wanawake wachache ambao Talmudi imeyatunza maneno yao, na hapa anasema kama mwanazuoni kamili, kanuni kwanza, mifano yake, kisha ombi.

Hatua ya saba: sheria moja uifuate kutoka Talmudi hadi leo

Kanuni ya kusubiri ndiyo inayofaa zaidi kwa zoezi hili. Katika 105a Rav Hisda anasema aliyekula nyama asile jibini, ila aliyekula jibini anaweza kula nyama. Rav Aha bar Yosef anamwuliza: na nyama iliyobaki kati ya meno? Anajibiwa kwa Hesabu 11:33, ambapo nyama ingali katikati ya meno yao: kumbe bado inaitwa nyama. Kisha anasema Mar Ukva: katika jambo hili mimi ni siki mwana wa divai. Baba yangu akila nyama leo, hali jibini mpaka kesho saa kama hii. Mimi sili katika mlo uleule, ila katika mlo unaofuata nakula.

Ni hayo tu. Saa hazikutajwa. Sasa shuka nayo. Tosafot wanasema mtu akishaondoa meza na kushukuru, mlo umekwisha, na papo hapo anaweza kuanza mwingine wenye jibini. Maimonides, aliyeandika Misri katika karne ya 12, anapima kutoka mlo hadi mlo, anapata kama saa sita. Yosef Karo katika Shulhan Arukh, kitabu chake cha hukumu kilichochapwa Venice 1565, anashika sita. Moshe Isserles wa Krakow, katika maelezo yake juu ya kitabu hicho, anaandika kwamba desturi ya nchi zake ni saa moja, ingawa sita ni bora. Wayahudi wenye asili ya Ujerumani wengi husubiri tatu, wa Uholanzi moja. Wote wanasimama juu ya sentensi moja ya mtu aliyesema hamfikii baba yake. Safu ya tatu ya daftari lako, Desturi, itajaa hapa.

Hatua ya nane: tone la maziwa chunguni

Hapa nitapita haraka, maana hesabu zake zinachosha usipokuwa na kisa halisi mkononi. Mishna ya tatu inasema tone la maziwa likiangukia kipande cha nyama, kipande ni marufuku ikiwa tone limetia ladha. Ladha inajulikanaje? Rava katika 97a na 97b anapanga njia: pengine mpishi asiye Myahudi huonja na kusema, na pasipo mpishi wa kuonja hupimwa kwa sitini, yaani kilicho halali kikiwa mara sitini ya kilicho haramu, ladha imepotea. Kijiko cha mililita 5 kinahitaji mililita 300 dhidi yake. Jitungie visa vitatu vinne kutoka jikoni kwako uvipime.

Hatua ya tisa: nani wa kuuliza

Ukishasoma utakuwa na mawazo yako juu ya hukumu, na ni vizuri. Lakini kusoma Talmudi na kuamua chakula cha watu ni kazi mbili, na ya pili ina wenyewe. Afrika Mashariki tunazo jumuiya zinazoziishi sheria hizi. Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, walianza na Semei Kakungulu mnamo 1919 na leo wana rabi wao, na Nairobi ina sinagogi la zamani. Ukiwatembelea, uliza kwa adabu ya Levi: mwalimu wenu ni nani, na ninyi mnafuata vipi.

Na ukikutana na video inayokata sentensi moja ya Talmudi ili kuwatukana Wayahudi, fungua karatasi iliyotajwa usome kuanzia mwanzo wa majadiliano. Mara nyingi utakuta sentensi ile ni pingamizi lililojibiwa mistari miwili baadaye, au haipo kabisa.

Hatua ya kumi: ingia Yoreh De'ah

Ukimaliza 103b hadi 117b, nenda kwenye sehemu ya Shulhan Arukh iitwayo Yoreh De'ah, vifungu vya 87 hadi 97, ambako hukumu zimepangwa kwa utaratibu. Kwa kila hukumu, rudi Hullin utafute mahali ilipozaliwa, uandike namba ya karatasi pembeni. Zisizo na mahali zitie alama, hizo ni za baadaye.

Kwetu Waswahili pa kuanzia ni 87, aya ya 3. Isserles anaeleza hapo desturi ya kutengeneza maziwa ya lozi na kutia humo nyama ya kuku. Kwa nyama ya ng'ombe au mbuzi, anasema, weka lozi zenyewe kando ya chakula ili anayetazama asidhani ni maziwa ya mnyama. Kwa kuku hakudai hivyo, kwa kuwa kuku ni neno la marabi tu: ni lile jibu la Rav Ashi katika 104a, karne nyingi baadaye, mezani kwa watu wa Krakow. Sasa chukua kuku wa kupaka aliyepikwa kwa tui la nazi, na mchuzi wa mbuzi wa tui hilohilo, uviweke mbele ya aya hiyo. Andika kwa kila chungu: kipo safu ipi ya daftari, na ni kipi kinachohitaji kifuu cha nazi kando ya sahani.